Gaylen Roorda na Ripoti ya Saa Tano

Jumapili ile nyumba ya akina Roorda ilikuwa na utulivu ambao kila mmoja wetu angependa kuukuta nyumbani kwake. Walikuwa wametoka kanisani. Mezani palikuwa na nyama ya kuoka, viazi vya kupondwa, na sinia la mahindi matamu ya kuchemsha, siagi ikiyeyuka juu yake. Gaylen alisali kabla ya kula, kama baba yake alivyozoea kusali kwenye meza hiyohiyo, kisha akachagua hindi moja akamwekea mkewe, Arlys, kwenye sahani.

"Hilo lenye punje zilizojipanga vizuri," alisema. "La mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba mimi? Tangu lini?"

"Tangu ulipokubali kuolewa na mchunga ng'ombe ukamwacha yule mwalimu wa muziki."

Arlys akacheka. Watoto wao walikuwa wameshakua na kwenda kukaa miji ya mbali, na mara nyingi nyumba ilikuwa kubwa mno kwa watu wawili, lakini si mchana ule. Dirishani Arlys aliwaona ng'ombe wa kunenepeshwa wamejilaza zizini, weusi na wazito, wakitafuna cheuo. Hapo kaskazini-magharibi mwa jimbo la Iowa, Marekani, mtu mwenye shamba la mahindi na zizi lililojaa hana cha kumwomba Mungu zaidi ya mvua na afya.

Ndipo simu ikatikisika mfukoni mwa Gaylen.

Akaitoa na kuisoma chini ya meza, kama mtoto anayeficha kitu. Hindi alilokuwa amelishika akalirudisha sahanini bila kuling'ata. Uso ukambadilika, kicheko cha dakika moja iliyopita hakikuacha hata alama.

"Wanasema nini?" Arlys akauliza.

"Nani?"

"Hao wa kwenye simu, Gaylen."

"Hali ya hewa tu. Kesho joto litakuwa kali."

Arlys alijua kesho ni siku gani. Kesho ilikuwa siku ya ripoti.

Ndugu msomaji, huenda wewe hujawahi kuishi mahali ambapo karatasi ya serikali inaweza kumlaza mtu bila chakula. Huko kwao, kila mwezi Wizara ya Kilimo hutangaza makadirio yake: mahindi yatavunwa kiasi gani, soya kiasi gani, ng'ombe wangapi wako mazizini nchi nzima. Wakulima kwa maelfu huulizwa, na picha hupigwa kutoka angani. Hesabu hufanywa kwa siri, kisha saa tano kamili asubuhi hutolewa kwa wote, tajiri na maskini, kwa wakati mmoja. Ripoti ikisema mazao ni machache, bei hupanda palepale. Ikisema ni mengi, bei huanguka, na mkulima aliyekuwa akinywa kahawa kwa raha anaiweka chini.

Kwa hiyo wakulima wana njia ya kujikinga. Mtu anaweza kuuza mwezi wa sita mahindi atakayoyavuna mwezi wa kumi, kwa bei waliyokubaliana, hata soko likianguka yeye yuko salama. Hiyo ni kinga, na ni jambo la busara. Gaylen alianza hivyo. Lakini soko hilohilo humruhusu mtu kununua mahindi ambayo hana, hatayavuna na hatayaona kwa macho, akitumaini tu kwamba ripoti itapandisha bei ayauze kwa faida. Hiyo si kinga tena. Ni kamari iliyovaa kofia ya mkulima.

Januari moja Gaylen alijaribu. Ripoti ikatoka na mazao machache, bei ikaruka, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amepata faida kubwa kuliko ya ng'ombe wa mwaka mzima. Alimnunulia Arlys jiko jipya, akajinunulia pikapu nyekundu. Wanaume waliokunywa kahawa kwenye ofisi ya ushirika wa nafaka wakaanza kumwita Nabii.

"Nabii, leo umeoteshwa nini?" jirani yake Delmar Postma alikuwa akimtania. "Ninunue au niuze? Au nifunge tu na kusali?"

Na Gaylen, mtu mpole ambaye hakuwahi kujisifu maishani, alikuwa akitabasamu na kusema, "Mimi naangalia shamba langu tu, Delmar. Shamba halidanganyi."

Baada ya hapo alishinda tena kidogo, akapoteza, akapoteza tena. Hakumwambia mtu. Arlys aliona ishara zake tu: usingizi umemtoka, chakula kinarudi jikoni, na hasira inamwaka kwa vitu vidogo kama mlango uliogongwa na upepo. Wiki ya ripoti ikikaribia, nyumba nzima ilitembea kwa vidole. Mtu wa serikali alipopiga simu kumuuliza anatarajia kuvuna kiasi gani, Gaylen alimkatia simu. "Nikiwaambia, watanishushia bei," alisema.

Kiangazi kile mvua iliwapita. Mawingu yalikuja, yakanguruma upande wa mashariki, yakaenda zake. Majani ya mahindi ya Gaylen yalijikunja kama sigara, na magunzi yakatoka na punje chache. Gaylen akatembea mashambani mwake, akavunja hindi moja hapa na moja pale, akaona moyoni mwake kwamba mwaka huu nchi nzima haina mahindi. Akampigia dalali wake mjini, mama mmoja aitwaye Renae, akamwagiza anunue mikataba ya mahindi. Bei ilipolegea akaagiza mingine. Ili kupata amana ambayo soko hudai kwa kila mkataba, alikopa benki kwa dhamana ya ng'ombe waliokuwa zizini.

Hayo yote Arlys hakuyajua Jumapili ile. Alichojua ni kwamba pampu ya maji ya zizini ilikuwa inakohoa.

"Umemwita fundi?" aliuliza walipokuwa wakiosha vyombo.

"Nitamwita."

"Umesema hivyo tangu wiki iliyopita. Ile swichi inaruka yenyewe na kuizima, nimeirudisha mara mbili jana. Na kesho umesema joto kali."

"Arlys, nimesema nitamwita! Baada ya saa tano. Niache nipite hiyo saa tano, tafadhali."

Sahani aliyokuwa anaifuta Arlys ikabaki mikononi mwake. Alimtazama mumewe shingoni, palipokuwa na mshipa unaopiga kama wa mtu aliyekimbia, na hofu ikamwingia ambayo hakuweza kuipa jina.

Jumatatu kulikucha bila upepo. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi Arlys kuliko jua lenyewe, kwa kuwa ng'ombe mnene huvumilia jua kama kuna upepo na maji. Kimoja kikikosekana anataabika, na vyote viwili vikikosekana hafiki jioni. Jumatatu ilikuwa zamu yake ya kumhudumia mama yake mzazi katika nyumba ya wazee, mwendo wa saa moja kwa gari. Alisimama mlangoni na funguo mkononi.

"Nisiende?"

"Nenda. Mama anakusubiri. Ng'ombe nitawaangalia mimi."

"Kila baada ya nusu saa, Gaylen. Hodhi liwe limejaa."

"Nimesikia, mama," akasema kwa utani wa kulazimisha, na kumbusu shavuni. Midomo yake ilikuwa baridi.

Arlys akaondoka. Njiani alitaka kugeuza gari mara kadhaa, akajikemea. Alimchana mama yake nywele, akamlisha supu, akamsomea zaburi. Saa tano ilipogonga kwenye ukumbi wa wazee, alijikuta ameacha kusoma katikati ya mstari. Alimpigia Gaylen. Haikupokewa. Akapiga tena baada ya kumlaza mama yake. Haikupokewa pia.

Alipokuwa anaingia kwenye gari, simu yake ikalia. Alikuwa Renae, yule dalali.

"Arlys, samahani kukusumbua. Gaylen yuko nawe?"

"Hapana. Yuko nyumbani. Kwani kuna nini?"

"Sipaswi kuzungumzia akaunti ya mtu na mtu mwingine. Ila nimempigia asubuhi yote hapokei, na sauti yake ya mwisho haikunipendeza. Mtafute. Mwambie anipigie kabla soko halijafungwa. Lakini mtafute kwanza, mpenzi. Mengine baadaye."

"Ripoti imesemaje?"

"Mahindi mengi. Mengi kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Bei imeanguka mpaka pale sheria ya soko inapoizuia kuanguka zaidi kwa siku moja."

Arlys hakukumbuka baadaye jinsi alivyoendesha gari. Alikumbuka tu kwamba alikuwa anaongea peke yake kwa sauti, akisema jina la mumewe, na kwamba kila silo ya nafaka aliyoipita ilionekana iko mbali kuliko jana. Alifikiria kabati la bunduki lililo kwenye chumba cha chini. Akajaribu kuacha kulifikiria, akashindwa.

Ng'ombe aliwasikia kabla hajawaona. Haukuwa mlio wa njaa. Ulikuwa mlio mzito wa kukoroma, kama watu wengi wanaopumua kwa midomo kwenye chumba kilichofungwa. Walikuwa wamesongamana kwenye hodhi, ndimi nje, mate yakining'inia, na hodhi lilikuwa kavu hadi chini. Wengine walikuwa wameanguka. Wale walioanguka waliendelea kukanyagwa na wenzao waliotafuta tone la maji ambalo halikuwapo. Swichi ya pampu ilikuwa imeruka, nani ajuaye tangu saa ngapi.

Pikapu nyekundu haikuwapo.

Alikimbia kwanza chumba cha chini. Kabati lilikuwa limefungwa, kila kitu mahali pake. Akampigia Delmar.

"Delmar, njoo. Maji yamekatika, ng'ombe wanakufa. Na Gaylen simwoni."

Delmar, ambaye huwezi kumkuta hana mzaha, hakufanya mzaha. "Nakuja. Nawaita na wa zimamoto. Usiingie zizini peke yako, watakukanyaga."

Kwa muda mfupi ua ulijaa. Gari la zimamoto la kijiji, linaloendeshwa na wakulima wenzao, liliwamwagia ng'ombe maji migongoni na kulowesha ardhi iliyokuwa inachoma kwato. Wengine wakaleta matangi yaliyozoea kubeba dawa ya mimea, yameoshwa, yamejaa maji ya kisimani kwao. Walifungua malango kupunguza msongamano wa ng'ombe, wakawanywesha kwa makundi. Hakuna aliyeuliza swali. Mke wa Delmar alikuja na mitungi ya chai ya barafu kwa wanaofanya kazi.

"Nenda kamtafute," Delmar akamwambia Arlys, uso umejaa tope. "Hapa tupo sisi. Nenda."

Alimkuta kwenye shamba lao la mwisho, lile la mbali kando ya kijito. Pikapu ilikuwa imeegeshwa nusu ndani ya mahindi, mlango wazi, na Gaylen ameketi nyuma yake, miguu inaning'inia, hindi bichi mkononi. Alikuwa amelimenya. Arlys alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha hasira ikampanda palepale.

"Angalia hili," Gaylen akasema bila kusalimu, kama waliokuwa katikati ya mazungumzo. "Nusu ya juu haina punje. Nimevunja kila pembe ya shamba, yote hivi. Halafu wao wanasema mavuno makubwa. Mavuno ya nani, Arlys? Yako wapi hayo mahindi?"

"Majimbo mengine. Illinois. Ohio. Nebraska ng'ambo ya mto. Kwa watu ambao hatuwajui, mvua iliponyesha."

"Lakini hapa..."

"Hapa ni hapa tu, Gaylen! Sisi si nchi nzima!"

Hindi likamponyoka Gaylen mkononi.

"Nimepoteza kila kitu," akasema polepole. "Hujui nilivyofanya. Ng'ombe wale si wetu tena, niliwaweka rehani. Nilitaka nirudishe kilichopotea kabla hujajua. Nilikaa hapa najiuliza kama ninyi mngekuwa afadhali bila mimi."

Arlys akapanda akaketi karibu naye, akamshika mkono kwa nguvu mpaka ukamwuma mwenyewe. Alikuwa na neno moja tu la kweli, na lilikuwa baya.

"Maji yamekatika zizini. Ng'ombe wanakufa sasa hivi. Delmar na zimamoto wako pale wanawaokoa."

Gaylen alimtazama kama haelewi lugha. Kisha akaelewa. Arlys aliona uso wa mumewe ukivunjika, si kama pale aliposema amepoteza kila kitu, bali zaidi, kwa kuwa fedha ilikuwa namba kwenye simu, na wale ng'ombe aliwalisha kwa mikono yake tangu walipokuwa ndama.

"Niliahidi," akasema. "Nilikaa kwenye gari na kiyoyozi. Nilikuwa naangalia saa."

"Najua. Shuka. Twende."

Alienda. Hilo nalisema kwa heshima yake: alienda mbele za majirani wote, akaingia topeni pamoja nao, akanyanyua vichwa vya ng'ombe waliolala na kuwamiminia maji mdomoni. Wengi walipona. Wengi pia hawakupona, na asubuhi yake lori la kubeba mizoga lilikuja, likapakia muda mrefu. Gaylen alisimama kando yake hadi mzoga wa mwisho ulipoingizwa, kofia mkononi, akikataa kurudi ndani alipoitwa.

Madeni yaliyobaki hayakulipika kwa ng'ombe. Lile shamba la kando ya kijito, ambalo babu yake alilinunua, liliuzwa kwa mnada kwenye ukumbi wa mji, mbele ya watu waliomwita Nabii. Aliyelinunua alitoka kaunti nyingine. Delmar alikuwepo, akakaa kiti cha jirani na Gaylen, na nyundo ya dalali wa mnada ilipogonga alimwekea mkono begani.

Usiku wao ulikuwa mrefu kwa miezi. Arlys hakumsamehe kwa siku moja, na asiyejua ndoa ndiye atakayemlaumu. Alimwambia wazi: "Nitakaa. Lakini simu hiyo haitaamua tena kama tunakula au hatuli." Gaylen akafunga akaunti kwa Renae mbele ya mkewe. Akaanza kwenda kila wiki mji wa pili, kwenye chumba cha chini cha kanisa moja, wanakokutana watu walioshikwa na kamari. Siku ya kwanza alirudi akasema alidhani atakuta walevi wa kasino, akakuta wakulima wawili na daktari wa mifugo.

Mahindi sasa anayauza Arlys. Sehemu moja huiuza wakati wa kupanda, sehemu nyingine mahindi yakifika magotini, na iliyobaki wakati wa kuvuna, bei iwe nzuri au ya wastani. Hawatajiriki. Kuna mwaka waliuza mapema, ripoti ikaja ikapandisha bei, na Gaylen akazunguka jikoni siku nzima bila kuketi. Jioni aliketi, akala. Na mtu wa serikali anapopiga simu kuuliza kuhusu mavuno, Gaylen humjibu, taratibu na kwa ukweli.

Bado siku ya ripoti humtoa jasho. Arlys anajua, maana humwona akiitazama saa ya ukutani. Ikikaribia saa tano, huvaa buti, na wote wawili hutoka kwenda zizini kwenye kundi dogo walilobakiwa nalo, kuangalia maji.

MAFUNZO

Ndugu zangu, nimewasimulia habari ya watu wa mbali, lakini ugonjwa wenyewe haujui mipaka. Wako kwetu wanaosubiri tangazo la bei ya korosho, ya kahawa, ya pamba, na wako wanaobeti mpira kwa simu huku mtoto analia. Kujikinga na bei mbaya si dhambi, ni akili. Bali unapoanza kununua usichoweza kukilipa kwa kutumaini habari ya kesho, hujikingi tena, unacheza, na unayemweka rehani ni mkeo, mumeo, watoto na mifugo inayokutegemea.

Usipime nchi kwa shamba lako. Ukame wako ni wa kweli na uchungu wako ni wa kweli, lakini soko halikuoni wewe peke yako. Usiilaumu ripoti kwa kusema yaliyopo, na ukiulizwa mavuno yako, sema ukweli, maana ripoti hiyo ni sauti zenu wenyewe zilizokusanywa.

La mwisho nawaomba mlishike kuliko yote. Hasara iliyofichwa haitulii. Humsukuma mtu kwenye hasara kubwa zaidi. Gaylen angemwambia Arlys alipopoteza mara ya kwanza, wangelia siku moja na shamba lingebaki. Na ukimwona jirani yako halali, hali, hacheki, usimwite Nabii. Mwulize, naye akikujibu, keti umsikilize.